Mwenyeji kwanza, gari baadaye



Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Marereni mbele ya vijana wachache waliokuja kupanga safari yetu. Wengi wenu hamkuweza kufika. Kuna walioko Mombasa, Garsen, Lamu na Nairobi, na wapo wenzetu wanaotusoma kutoka Muscat na Riyadh usiku wakimaliza kazi. Kwa hivyo nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikapunguza mizaha tu.

Nianze na sisi wenyewe. Tumejuana kwa simu. Ni miaka miwili sasa tunaongea karibu kila siku. Mnajua nani anaamka kwa tahajudi na nani anakesha kwa mpira wa Uingereza. Mama wa fulani alipolazwa, mlichanga. Fulani alipokosa kazi, mlimtumia matangazo mpaka akapata. Lakini nikiuliza huyu rafiki yako anaishi mtaa gani, kwao ni kwa nani, kimya. Si aibu. Simu ndivyo ilivyo, hukujulisha mawazo ya mtu kabla ya kukujulisha kwao.

Sasa mmesema tuonane ana kwa ana. Mimi niko pamoja nanyi. Wapo wakubwa wetu wanaotwambia urafiki wa simu tuuache kwenye simu. Kwa heshima zote, sikubaliani nao. Watu waliosaidiana hivi wana haki ya kupeana mikono na kula sinia moja.

Ila nilizisoma jumbe zote za grupu tangu wazo hili litolewe, na wallahi nilichoka. Watamu au Diani. Lamu au Gede. Matatu ya watu 14 au basi. Fulana iwe ya kijani au nyeusi, na hilo la fulana peke yake lilikula siku tatu. Nani atapika biriani. Nani ataleta spika. Katika zote hizo sikuona mtu hata mmoja aliyeuliza: tukifika, anatupokea nani?

Hilo ndilo nililokuja kulizungumza.

Ibn Battuta mnamjua, yule msafiri wa Tangier. Mwaka 1331 alipita pwani yetu hii, akashuka Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa. Kule Mogadishu aliikuta desturi moja akaiandika. Jahazi likiingia bandarini, vijana wa mji walitoka na mashua ndogo, kila kijana na sinia ya chakula iliyofunikwa. Anamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema, huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara yule hashuki kwenda popote ila nyumbani kwa mwenyeji wake, isipokuwa awe ameshauzoea mji na anajua watu. Mwenyeji ndiye anayemuuzia mali yake na kumnunulia. Na mtu akimpunja mgeni, au akifanya naye biashara mwenyeji wake hayupo, mauzo hayo kwao hayakuhesabiwa kuwa mauzo.

Hebu angalieni akili ya watu wale. Walikuwa wanaishi na wageni, manake upepo wa kaskazi ukivuma wanakuja watu ambao hakuna anayewajua. Hawakuwafungia mlango. Wala hawakuwaacha wazagae mjini kila mtu na bahati yake. Walimpa kila mgeni mtu wa mji, na mtu huyo akawa na la kujibu pande mbili: mgeni akidhulumiwa anaulizwa yeye, mgeni akiharibu anaulizwa yeye.

Na hatuna haja ya kurudi miaka 700. Wanaokwenda Maulidi ya Lamu, pale Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, wanapita barabara hii hii inayopita hapa Marereni. Wengi wao hawalali hotelini. Kuna nyumba inayowangoja, kuna bibi anayejua mwaka huu watakuja wangapi. Kijana wa miaka 20 anatoka Mombasa peke yake na mamake analala usingizi, kwa sababu anajua mwanawe yuko kwa nani.

Sisi intaneti imetupa marafiki chungu nzima, na mwenyeji haikutupa. Lazima tumtafute wenyewe.

Sasa mwenyeji ni nani? Si admini wa grupu. Si yule mwenye maneno mengi. Ni mtu mzima, mume na mkewe ikiwezekana, anayeishi pale tunapokwenda, anayejulikana na imamu wa mtaa na mzee wa kijiji, na ambaye hapati shilingi katika safari yetu. Jina lake na namba yake zinajulikana na kila mzazi kabla ya nauli ya kwanza kulipwa. Ukiniambia umepata gari zuri na hoteli ya bei nafuu lakini mtu kama huyo hujampata, kwangu bado hujapanga chochote.

Nitawapa mfano wa juzi. Mama wa mmoja wa dada zetu alinipigia simu. Nilikuwa nimejitayarisha kumueleza ratiba, gari, saa ya kurudi. Hakuniuliza hata moja. Aliniuliza, "Wewe mwanangu, ni mtoto wa nani?" Nikamtajia wazee wangu, hakuwajua. Nikamtajia mtaa, haujui. Akanyamaza. Nikamwambia, mama, mwanao atalala kwa fulani, mke wa maalim wetu hapa Marereni, namba yake hii. Baada ya kama dakika kumi akanipigia tena. Walikuwa wameshaongea, wameshatajiana watu wa Mambrui wanaowajua wote wawili, na mke wa maalim ameshamuuliza binti anakula nini na hali nini. Ruhusa ikatoka. Mimi na ratiba yangu nzuri sikuwa nimeitoa.

Wengine mnalalamika kwamba wazazi wenu wana shaka kupita kiasi. Jamani, wana sababu. Aprili 2023, katika kaunti yetu hii ya Kilifi, miili ilianza kufukuliwa msitu wa Shakahola, ikapita 400. Wengine kati ya wale walitoka kaunti za mbali kufuata mahubiri waliyoyasikia kwenye runinga na mtandaoni. Sisemi hivi kuwasuta majirani zetu Wakristo, msiba ule uliwaumiza wao kwanza. Nasema kwa sababu tangu siku zile mzazi wa hapa akisikia "kuna kikundi tumejuana mtandaoni, tunakwenda mahali pamoja," moyo unamruka. Na sisi Waislamu wa Pwani tuna jeraha letu wenyewe. Ziko nyumba ambazo kijana aliondoka akisema kapata kazi, hakurudi. Ziko ambazo kijana alichukuliwa na watu wasiojitambulisha, na mamake mpaka leo anazunguka ofisi na picha mkononi. Mzazi wa namna hiyo humtulizi kwa kumtumia bango lenye rangi nzuri na maneno "Tukutane Pwani."

Kuna jambo jingine nataka dada zetu mnisikilize sana, na kaka pia, kwa sababu linawapata wote. Grupu likianza kupanga safari, hutokea mtu anayekuandikia pembeni. "Wewe njoo siku moja kabla, mimi nitakupokea." "Usiwaambie wengine, nauli nitalipa mimi." "Tushuke kituo cha nyuma, nina gari." Huenda ana nia safi kabisa. Lakini mwenye nia safi hana sababu ya kukutoa kwenye kundi. Ujumbe kama huo ukija, usimjibu, mpelekee mke wa maalim au dada yeyote wa kamati, hata kama aliyeuandika ni mimi. Hakuna atakayekuuliza kwa nini ulizungumza naye. Mambo yakiwa yameshaharibika, namba 1195 ni ya bure kwa aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Ziandikeni sasa, si siku hiyo.

Suala la dada kusafiri na mahram au bila mahram, sitalitolea fatwa mimi wa diploma. Kila mmoja na familia yake na ustadhi wake. Tulichopanga ni hiki: gari la dada lina mama wawili watu wazima, dada wanalala kwa mke wa maalim, na ndugu au baba anayetaka kufuatana na bintiye ana kiti, na kiti hicho tutakilipia pamoja.

Tuje kwenye pesa.

Chukueni mfano. Matatu ya abiria 14 imekodiwa kwa shilingi 14,000, kila mtu 1,000. Watu 14 wameandika "niko ndani" na kidole gumba juu. Alfajiri ya safari wanne simu zimezimwa. Mwenye gari hakukodisha kwa vidole gumba, anataka 14,000 zake. Wale kumi waliofika kila mmoja anatoa 1,400, na kati yao kuna aliyekuja na 1,000 na ya soda. Hapo ndipo urafiki wa miaka miwili unapovunjikia, kwenye stegi, saa kumi na mbili asubuhi, kwa shilingi 400.

Kwa hivyo kiti kwetu ni pesa iliyofika. Gari halikodiwi mpaka viti vimejaa. Ukishalipa ukapata udhuru, kiti ni chako, mpe unayemtaka ili mradi mwenyeji na amiri wanamjua. Anayepokea pesa kwa M-Pesa siye anayezitumia. Hao ni watu wawili tofauti. Na kila Ijumaa baada ya swala, hesabu inawekwa kwenye grupu, imeingia ngapi, imetoka ngapi, imebaki ngapi. Kuna aliyeniambia hayo ni kutoaminiana. Hapana. Anayeshika pesa ndiye anayelindwa na hesabu hiyo, kwa sababu siku ya maneno ataionyesha.

Na kuna bei ambayo haiandikwi kwenye bango. Hapa Marereni vijana wengi ni vibarua. Kwa mtoto wa mashamba ya chumvi anayelipwa kwa siku, safari ya 1,000 si 1,000. Ni 1,000 na siku mbili za kibarua alizokosa. Mtu wa mshahara Nairobi haoni hilo. Ndiyo maana tuliwauliza vibarua kwanza tarehe inayowafaa, wengine wakafuata, na ndiyo maana wenzetu wa Ghuba waliotuma mchango tumewaomba mchango wao uingie kwenye mfuko wa viti. Mfuko huo unajulikana na watu wawili tu. Mtu anayesaidiwa jina lake halitatajwa popote, wala hatapigwa picha akipokea.

Kwa nini Marereni? Mliuliza sana. "Marereni kuna nini, si ni pa kupita tu?" Wanaotoka Lamu na Garsen wanashuka, wanaotoka Mombasa na Malindi wanapanda, tunakutana njiani na hakuna upande uliobebeshwa safari yote. Na mwenyeji tunaye. Hizo zingetosha. Lakini pia mnapadharau tu. Nyuma ya malundo haya meupe ya chumvi kuna mikoko na Ghuba ya Ungwana. Kusini kidogo ni Ngomeni, na kwenye jukwaa la Waitaliano lililoko baharini pale, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa ya kwanza duniani iliyotengenezwa hasa kutazama mionzi ya eksirei angani. Jina la Kiswahili lilikwenda juu kutoka Magarini. Haya, niambieni tena ni pa kupita tu.

Walio mbali wanafika siku moja kabla, wanapokelewa majumbani. Asubuhi tunateremka pamoja. Mambrui tunasimama kidogo, kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina, na mwaka 2010 wachimbaji walipata hapo sarafu ya China ya karne ya 15. Tunavuka Sabaki, tunapita Malindi, tunafika Gede. Gede tutakaa. Huu ulikuwa mji wa Waislamu, una msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, na kaburi moja lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399. Watu wake waliuhama karne ya 17, msitu ukaufunika. Julai 2024 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia, kama Lamu ilivyoingizwa 2001. Nimemuomba maalim asome nasi dua pale msikitini kisha anyamaze, kila mtu atembee mwenyewe. Tukitaka kelele tutazifanya Marereni jioni. Kabla ya magharibi magari yawe yamerudi.

Njiani kuna vizuizi vya polisi, hasa kwa wanaotoka upande wa Lamu. Hilo mnalijua tangu Mpeketoni 2014. Kila mtu na kitambulisho chake, cha asili, si picha kwenye simu. Aliye chini ya miaka 18 hasafiri bila mzazi kuzungumza na mwenyeji, na abebe nakala ya cheti cha kuzaliwa. Ukiulizwa unakwenda wapi, jibu wazi: nakwenda Marereni, kwa fulani, namba yake hii. Mnaona mwenyeji anavyorudi? Kijana anayesema "tunakwenda kuonana tu na marafiki wa mtandaoni" amejitia mashakani bure.

Na msiogope kupita kiasi. Kifungu cha 39 cha Katiba kinakupa uhuru wa kutembea ndani ya nchi yako. Mkusanyiko wa marafiki hauhitaji kibali. Sheria ya utulivu wa umma, Sura ya 56, inataka polisi wapewe taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla kwa mikutano ya hadhara na maandamano, lakini mikusanyiko ya kijamii, ya kidini na ya burudani imeitoa. Hata hivyo mzee wa kijiji na chifu tumewaeleza, kwa sababu ni adabu na kwa sababu uvumi hukimbia kuliko gari. Na mtu akikamatwa, kifungu cha 49: aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Hatubishani barabarani. Amiri anashuka peke yake, anazungumza kwa upole, wengine wanabaki garini na simu chini.

Picha. Najua nusu yenu mnakuja kwa ajili ya picha. Dada asiyetaka uso wake mtandaoni hatauona mtandaoni, na hatatakiwa kueleza kwa nini. Tunauliza kabla ya kupiga, na tunauliza tena kabla ya kuweka. Anayedhani haya ni mambo madogo, ajue kwamba Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Na wafanyakazi wa chumvi msiwafanye mandhari. Hapa ni mahali ambapo mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja kusikiliza wananchi kuhusu ardhi, malipo na maji, ripoti ikatoka 2006, na wazee waliotoa ushahidi bado mnaweza kukaa nao kibarazani. Ukitaka kujua habari za chumvi, keti na mzee, kunywa naye kahawa, msikilize. Simama na simu mbele ya mtu mwenye miguu iliyopasuka kwa chumvi ukasema "karibuni kwenye maisha ya Marereni," nitakurudisha kwenye gari mimi mwenyewe.

Kilichobaki ni kidogo. Kila mtu atume kwa amiri mambo matatu kabla ya Jumatano: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya mtu mmoja wa nyumbani atakayepigiwa, na ugonjwa wowote tunaopaswa kuujua, pumu, sukari, kifafa, chochote. Orodha itakaa kwa amiri na kwa mwenyeji, haiwekwi kwenye grupu. Wazazi wanaotaka kuzungumza na mke wa maalim wapige baada ya isha, mchana yuko madrasa.

Na kuhusu fulana, jibu ni hapana. Pesa zile zimelipia viti vitatu. Njooni na kanzu zenu na leso zenu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.